Siku dagaa wangu walipojifunza kupanda

Saa 11:05 alfajiri

Kengele ya simu inaitangulia adhana kwa dakika chache. Siamki mapema hivi kwa ucha Mungu, Mola anisamehe. Naamka kwa sababu kifurushi cha usiku kinaisha saa 12 na kuna faili nililoliacha linashuka tangu saa 6. Ni toleo jipya la lile linaloiwezesha gemu tunayotengeneza kutoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye simu za Android, karibu GB 1. Programu yenyewe ninayotengenezea, Godot, ni nyepesi na ni ya bure, ndiyo maana binti wa Ujiji, Kigoma, mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuitumia. Ila siku ya kutaka kuitoa gemu nje ndipo unapokumbuka bei ya MB.

Asilimia 97. Naikodolea macho kama maziwa yaliyo jikoni. Saa 11:40 limemaliza, na mimi nahema.

Nje bado giza. Watu wa Dar hawalijui hili: saa yao na yetu ni moja, lakini jua letu linachelewa karibu dakika 40. Saa 12 redio inatangaza kumekucha, sisi tunatafuta viatu kwa tochi.

Saa 1 kasoro robo

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya TEHAMA. Kwenye cheti changu neno gemu halitakuwepo popote. Lakini mradi wa mwisho unajichagulia, na mimi na mwenzangu tukachagua gemu ya uvuvi wa dagaa: una mtumbwi, una taa, una wavu, na usiku ni mfupi. Tulipoipeleka mbele ya jopo, mmoja wao alituuliza, "Na hii itaisaidia nini jamii?" Wenzetu waliokuja na mifumo ya kusajili wanafunzi (ya ishirini na ngapi sijui) hawakuulizwa. Hayo nimeyaweka moyoni, tuendelee.

Mama anakunywa chai akiwa amesimama, ndoo zake mlangoni, safari ya Kibirizi, kwenye mwalo wa samaki. Nilimwekea gemu kwenye simu yake juzi, simu ndogo yenye RAM ya GB 2 na kioo kilichopasuka pembeni. Asubuhi hii ananionyesha: ameshinda raundi zote kumi.

"Wamejaa tele," anasema. "Na hii 20 hapa juu ndiyo pointi zangu?"

"Hapana mama, hizo ni fremu. Picha ngapi simu inachora kwa sekunde. Usiku nilikuwa narekebisha kodi, leo nitakuwekea mpya."

"Kodi ya nini tena, na nyumba ni ya bibi yako?"

Kila wiki tunalirudia hili. Maagizo tunayoiandikia kompyuta walimu wanayaita msimbo, sisi darasani tumezoea kodi, na nyumbani kwetu kodi ni kitu cha kumlipa mtu.

Lakini najiuliza njiani nzima kwenye daladala: raundi kumi? Mwenzangu, ambaye anacheza mpira wa kwenye kompyuta tangu shule ya msingi, hajawahi kuvuka ya tatu.

Saa 2:30 asubuhi

Maabara ya kompyuta. Mashine zinazofanya kazi ni chache kuliko sisi, kwa hiyo tunakaa wawili wawili, na anayewahi ndiye anayeshika kipanya. Mwenzangu kawahi. Anachora dagaa.

Naomba niseme kidogo kuhusu dagaa wake, maana nimemtazama akichora samaki mmoja kwa wiki mbili. Ana pikseli 16 kwa urefu na 6 kwa kimo. Katika vijumba 96 lazima utoshe kichwa, jicho, mkia, na ule mng'ao. Mwanzoni alimpaka rangi ya fedha mwili mzima, akatokea kijiko. Siku moja akaenda kununua dagaa wabichi, akamweka mmoja kwenye sahani ya maji na kumgeuzageuza kwa kidole. Mgongo ulikuwa mweusi unaoelekea kijani, na fedha ilionekana ubavuni tu, tena pale anapogeuka. Sasa dagaa wetu ana picha mbili tu, ya giza na ya kugeuka, na katika picha ya pili kuna pikseli tatu nyeupe. Tatu tu. Mia wakiwa pamoja kwenye taa, wanameremeta kweli.

Saa 4:15

Mihogo ya kukaanga na kachumbari. Deni langu kwa mama muuzaji limefika elfu mbili.

Saa 5 asubuhi

Madam anaingia. Ni mwalimu wetu wa programu na ndiye msimamizi wetu. Namweleza habari ya mama na raundi kumi. Hajibu. Anasema, "Fungua mstari unaomsogeza samaki."

Naufungua:

position.x += 3

Yaani kila fremu, msogeze samaki pikseli 3. Anaugonga kwa kalamu kwenye kioo. "Hii mashine inachora fremu ngapi kwa sekunde?" Sitini. "Simu ya mama yako?" Nikakumbuka ile namba ya pembeni. Ishirini.

Basi hesabu ikajileta yenyewe. Hapa maabara samaki anakwenda pikseli 180 kwa sekunde. Kwenye simu ya mama anakwenda 60. Mama alikuwa anavua dagaa wanaotembea kwa kukokota miguu, na mwenzangu alikuwa anafukuzana na risasi. Gemu moja, samaki wale wale, maziwa mawili.

Darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana kulia kungechukua muda. Madam akaegemea meza akatupa hadithi. Mwaka 1978 huko Japani, Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders, gemu ya kuwapiga maadui 55 wanaoshuka kwa mistari. Kompyuta ya ndani ilikuwa dhaifu, ikilemewa kuwachora wote. Kila ulipomuua mmoja, mzigo ulipungua, na waliobaki wakakimbia zaidi. Hakuna aliyewaandikia wakimbie. Nishikado aliona kasi ile inaongeza utamu, akaiacha. Waliocheza wakadhani ni hila ya makusudi.

"Sasa na sisi tuiache?" mwenzangu akauliza. Mtu anayetafuta njia ya mkato unamjua kwa sauti.

"Ninyi mna mashine moja?" Madam akamjibu. Ile ya Nishikado ilikuwa ndani ya mashine kubwa kama kabati, na wote walicheza kwenye vifaa vya aina moja. Yetu inakwenda kwenye simu za kila sampuli, za mitumba, za kuazima, za kioo kilichopasuka.

Dawa yake ni fupi kuliko aibu yake:

position.x += kasi * delta

Delta ni muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, kwa sekunde. Kasi nikaiweka 180. Mashine ya fremu 60 ina delta ya kama 0.0167, samaki anasogea pikseli 3. Simu ya fremu 20 ina delta ya 0.05, anasogea 9. Simu ya mama itachora mara chache, lakini kila mara itamrusha samaki hatua ndefu, na mwisho wa sekunde wote watakuwa wamefika mahali pamoja. Nilikuwa nimelisoma neno delta mara nyingi kwenye mafunzo na kulipita kama mtu anayepita salamu ya asiyemjua.

Saa 7:40 mchana

Ugali wa muhogo, mgebuka wa kukaanga. Umeme umekatika katikati ya tonge. Nilikuwa nimehifadhi kazi. Mwenzangu hakuwa amehifadhi. Hatuongei hadi saa 9.

Saa 10 jioni

Nimepanda bodaboda hadi Katonga, ufukwe wa wavuvi, kwa mjomba. Amevua huko tangu kabla sijazaliwa. Usiku angekuwa ziwani, ila leo mwezi ni mpevu, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, wanashona nyavu na kulala kama watu wengine. Ndiyo nafasi yangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe?"

Akafuta mikono kwenye kaptura, akaipokea simu yangu kwa vidole viwili kama anayepokea yai. Akaitazama gemu bila kugusa. Dagaa wakaingia kutoka kushoto, wakavuka mwanga wa taa, wakatokea kulia. Wakaja wengine. Nikasubiri asifie.

"Hawa wanapita kama daladala," akasema. "Ubavuni wanatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Wanatokea ubavuni kwa sababu kila gemu niliyowahi kucheza, adui hutokea ubavuni.

Akanichukua hadi kwenye chombo chake, ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukining'inia katikati. Akanieleza kwa mikono. Mchana dagaa wako chini, mbali na macho ya wanaowala. Usiku wanapanda. Unawasha taa, unakaa kimya, unashusha wavu chini yao, na wao wanapanda kuifuata taa hadi uone maji yanachemka. Hapo unaunyanyua wavu, nao unawapokea kutoka chini. "Sisi hatuwafukuzi," akasema. "Tunangoja." Halafu akagusa pembe ya juu ya kioo, pale mwenzangu alipochora mwezi mzuri wa mviringo. "Na huu utoe. Ukiwepo huu, mimi niko nyumbani nakunywa chai na wewe."

Alicheza raundi moja, akakosa, akanirudishia simu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: ile miezi mitatu ya mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, angekuwa na gemu hii angeicheza kila usiku. Hakutabasamu. Nadhani alikuwa anamaanisha.

Saa 1 usiku

Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya maji. Nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na laptopu mapajani, chaji asilimia 41, najaribu kuwapandisha dagaa.

Nikaandika hivi, kwa sababu kupanda ni kuongezeka, au sivyo?

position.y += kasi * delta

Nikabonyeza kucheza. Dagaa wote mia wakageuka vichwa chini wakaporomoka kwenye giza, moja kwa moja, kama waliotumwa wakaangalie chini kuna nini. Ziwa letu, Tanganyika, lina kina cha mita 1,470, ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda duniani, na nadhani walifika. Kwenye Godot sifuri iko juu ya kioo na y huongezeka ukishuka. Nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Nikabadili alama ya kujumlisha ikawa ya kutoa, wakapanda.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. "Enhe," akasema. Basi. Hiyo ni alama yangu ya juu kabisa tangu nianze chuo.

Mwezi sikuutoa. Nimeuacha, lakini sasa una kazi: ukiwa mpevu, duara la mwanga wa taa yako linavuta samaki walio ndani ya pikseli 40 tu badala ya 120. Anayetaka kwenda ziwani na aende, atarudi na ndoo tupu, na mafuta yamekwisha. Mwenzangu nimemtumia ujumbe. Kajibu kwa dole gumba, kwa hiyo tumepatana.

Saa 3 usiku

Nyumbani Ujiji. Mama amerudi, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, mikono bado inanukia Kibirizi. Namwekea toleo jipya. Anavaa miwani. Raundi ya kwanza anapata dagaa saba. Ya pili, wavu unanyanyuka mapema, watatu. Ya tatu mwezi unatoka.

"Mbona wamekuwa na mbio hivi? Umewalisha nini?"

Namweleza habari ya delta, fremu 20, fremu 60, sekunde moja kwa wote. Ananisikiliza hadi mwisho, mama yangu ni mtu wa heshima. Anavua miwani.

"Nimekuelewa. Sasa nirudishie wale wa jana."

Namwambia faili la jana limefutika. Liko kwenye folda, jina lake ni mama_v1.