Tulipobandua saruji Katuba

Mvua zilipokatika, mwezi wa tano, tulibandua saruji kwenye ukuta wa nyumba ya mama mkubwa, Katuba, hapa Lubumbashi. Ni nyumba ya matofali mabichi, udongo wa kichuguu uliokaushwa juani. Baadaye nje ilipigwa plasta ya saruji ili ifanane na nyumba za mjini. Fundi alipenyeza patasi, bamba zima likadondoka na udongo wa nyuma yake, umelowa hata unafinyangika.

“Mama, ukuta huu umezibwa pumzi,” alimwambia.

Udongo hunyonya unyevu na kuuachia. Saruji ni ngumu, haitanuki wala kusinyaa pamoja nao, basi hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji ya mvua yakishaingia humo hayana pa kutokea, na ukuta huanza kulika chini, karibu na ardhi.

Kwa plasta mpya ya udongo, tulichekecha udongo wa kichuguu. Fundi akauviringisha kama kamba: ikikatika upesi, mchanga umezidi, ikijikunja bila kupasuka, mfinyanzi ni mwingi na plasta itapasuka ikikauka. Wetu ulikuwa na mfinyanzi mwingi, kwa hiyo ndoo 1 ya udongo ikapewa ndoo 2 za mchanga, pamoja na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Ulilala umeloweshwa. Asubuhi tulinyunyizia ukuta maji kwanza, maana ukuta mkavu hufyonza maji ya plasta kabla haijashika. Tabaka la kwanza lilikuwa sentimita 2. Tuliliacha likauke mpaka nyufa zote zijitokeze, ndipo la pili, jembamba, likazifunika.

Wabelgiji walioanzisha mji huu mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville waliwatenga Waafrika katika mtaa wao, na wakaacha kipimo kinachotutesa hadi leo: nyumba ya heshima ni tofali la kuchoma, saruji na malata, yaani mabati. Tanuru zinamaliza miti ya miombo kuzunguka mji, kwa udongo uleule ambao jua lingeukausha bure! Na paa la nyasi la vijijini hushuka mbali nje ya ukuta. Malata ya mama mkubwa yaliishia palepale ukutani, kila tone likirukia udongo.

Kwa hiyo fundi alirefusha mbao, malata yakatokeza sentimita 60. Chini tulipanga mawe, tukachimba mfereji wa kupeleka maji barabarani, na saruji ikatumika kwenye sakafu ya barza tu.