Tuta langu la mishubiri na mikonge, mara ya pili

Mara ya kwanza nilipanda kama ninavyopanda maua mengine: nikachimba, nikajaza mboji, nikamwagilia. Kisha mvua ikanyesha siku nne mfululizo na mshubiri wangu mkubwa ukalala upande. Nilipoushika shinani uling'oka wenyewe. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni, inanuka uvundo. Niliumia, maana nilikuwa nimeulea tangu ukiwa chipukizi la urefu wa kidole.

Kabla ya kurudia nilipima udongo. Nilichimba shimo la sentimita 30, nikalijaza maji, yakanywea, nikalijaza tena jioni. Asubuhi maji bado yalikuwamo. Udongo wa mfinyanzi huo. Mimea hii ina akiba yake ya maji kwenye majani na mashina, kwa hiyo mizizi ikikaa kwenye tope inakosa hewa na kuoza. Kazi yangu ya kwanza, basi, ilikuwa kuyatafutia maji njia ya kutoka.

Niliamua kuinua tuta badala ya kuchimba. Nilitifua udongo wa chini, nikapandisha nyuma sentimita 30, mbele 10, ili maji yateremke. Nilichanganya udongo wa bustani, mchanga wa chembe kubwa na changarawe ndogo, kila kimoja sehemu sawa, na mboji kidogo tu. Mchanga laini niliukataa kabisa. Ukichanganyika na mfinyanzi unagandamana kama saruji. Hata lile tabaka la kokoto ambalo watu hupenda kutandaza chini sikuliweka, kwani maji hutuama juu yake kwanza kabla ya kushuka.

Kupanga ndiko kulikonipa raha. Niliiweka mimea juu ya tuta ikiwa bado kwenye vyungu, nikaiacha siku mbili, nikiihamisha kila nilipopita. Mkonge wa mapambo ulikwenda nyuma, mbali na njia, kwa sababu ya miiba ya ncha zake. Mishubiri mitatu ilikaa pembetatu katikati, na mbele ekeveria, mmea mfupi wenye majani manene yaliyojipanga kama ua. Mnyaa niliuacha ingawa naupenda: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari, na kwangu kuna watoto. Ekeveria niliishika chini, shinani. Majani yake yana unga mweupe, na ukiligusa jani alama ya kidole haifutiki.

Niliacha nafasi nyingi kuliko macho yalivyotaka. Mkonge unatanuka, jamani, msiubane.

Vipandikizi nilivikausha kivulini siku tano mpaka kidonda kikafunga. Nilipanda kwenye udongo mkavu na sikumwagilia kwa wiki nzima, jambo lililonitia wasiwasi kila siku. Mimea ya vyungu iliyokuwa imezoea kivuli niliitandia kitambaa chepesi wiki mbili, kwa kuwa jua la ghafla huchoma majani na kuyaachia madoa. Juu ya tuta nilimwaga kokoto kuzunguka shina, jani la chini lisiguse udongo wenye unyevu.

Mvua kubwa ilirudi miezi miwili baadaye. Nilisimama mlangoni nikatazama maji yakichuruzika mbele ya tuta. Siku ya pili baada ya mvua kukatika nilisogeza kokoto, nikachomeka kidole hadi fundo la kwanza. Kilitoka kikavu. Pembeni mwa mshubiri wa katikati chipukizi mbili zilikuwa zimechomoza.