Siku 90

Mwaka ule niliona siku zangu mara 4 tu, na sitaficha, nilifurahi. Kilichonikera kilikuwa kidevu. Kila alfajiri, kabla watu hawajaamka, nilisimama dirishani na kioo na kibano, napapasa kwa kidole mpaka nikutane na unywele mgumu kama wa brashi. Naung'oa. Kesho yake wako wawili.

Kwa hiyo daktari wa kwanza nilimpelekea ndevu. Akaniambia nipunguze mwili, akaniandikia krimu ya chunusi, basi. Wa pili, mama wa makamo, alianza kwingine kabisa: "Hedhi ya mwisho lini, mwanangu?" Sikukumbuka. Akaweka kalamu chini.

Akapima homoni za kiume na sukari, pia tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kwa sababu hizo nazo huvuruga hedhi. Kwenye ultrasaundi ovari zilijaa vitone vyeusi pembezoni. Nilidhani ni uvimbe wa kukatwa. Kumbe ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Tena hata visingeonekana, hedhi inayoruka pamoja na ndevu vingetosha kuutambua ugonjwa wangu, wa ovari zenye vifuko vingi (PCOS), mradi magonjwa mengine yawe yameondolewa.

Chanzo kwangu kilikuwa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mwili hauitikii sawasawa, kongosho linaitoa kwa wingi, na wingi huo unazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Hata ule weusi wa shingoni ulitoka huko. Miaka yote nimeusugua kwa dodoki nikidhani ni uchafu!

Lakini lililoninyima usingizi ni hili: yai lisipopevuka, ukuta wa mji wa mimba huendelea kunenepa bila kumwagika, na hali hiyo ikidumu huongeza hatari ya saratani. Akanipa sharti moja, zisipite siku 90 bila hedhi. Nikabandika kalenda ndani ya mlango wa kabati.

Vidonge vya uzazi wa mpango, wanavyopewa wengi, havikunifaa; nina kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, na vyenye estrojeni, homoni ya kike, vingeniongezea hatari ya kiharusi. Nikapewa vya projestini, homoni nyingine inayoleta hedhi ukiacha kuimeza, siku 10, kila hesabu inapokaribia 90. Damu ilikuja siku chache baada ya kumaliza. Metformini, dawa ya kuusaidia mwili kuitikia insulini, iliniendesha tumbo wiki nzima hadi daktari alipoishusha dozi na kuipandisha taratibu. Nikaanza kutembea kila jioni. Kutoka kilo 84 nilifika 79 baada ya miezi 7, na miezi 2 kati ya hiyo sikupungua hata gramu.

Siku ya 41 kwenye kalenda, bila kidonge cha kuileta, hedhi ilinikuta kazini sina hata pedi. Mwenzangu aliyeniazima alinitazama usoni akauliza, "Sasa wewe unachekelea nini?"

Kibano bado kiko dirishani.