Siku moja maishani mwangu: maabara ya makohozi, Mbeya

Saa 1:30 asubuhi. Ukimwambia mtu kazi yako ni kupima makohozi, anasogeza kiti. Basi kaa hapo hapo, usome tu.

Kwanza hita. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vimelea vya kifua kikuu (TB) kwenye makohozi, inataka chumba chenye nyuzijoto 15 hadi 30, na asubuhi ya Julai huku Mbeya haifiki hapo bila msaada. Wenzetu wa Dar wanalilia kiyoyozi.

Saa 2:15. Bodaboda wa sampuli wanashusha makasha kutoka vituo vya Chunya na Mbarali. Jina, tarehe, kifuniko. Kilichovuja hakipokelewi.

Saa 3:00. Nusu ya ugomvi wa siku unaanzia dirishani, maana vikopo vingi vina mate. Mate ni meupe, mepesi, yana povu; makohozi yanavutika, mara nyingi ni ya njano au kijani.

"Mama, shikamoo. Haya ni mate. Tunaomba ya kifuani."
"Marahaba. Sasa mwanangu, si yote yanatoka mdomoni?"

Yanatoka mdomoni, ndiyo, ila vimelea viko chini. Sukutua kwa maji, nenda nje penye upepo, vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kwa nguvu toka ndani. Tunataka mililita 3 au 4. Kipimo kinakula 1 tu, lakini mtu akileta hiyo 1 na kipimo kikagoma, hakuna cha kurudia.

Saa 4:00. Makohozi mililita 1, dawa ya kuyeyushia mililita 2, funga, tikisa kwa nguvu mara 10 au zaidi. Subiri dakika 10, tikisa tena, subiri 5. Hizi dakika 15 ndizo kazi yenyewe, na ndizo anazoziiba mwenye haraka. Dawa inayeyusha ute na kuua vimelea. Ukiikatiza, kinabaki kipande kama kamasi la konokono. Ukikivuta na pipeti ukakiweka kwenye katriji, kile kikasha cha plastiki kinachoingia kwenye mashine, kinaziba kichujio, presha inapanda, moduli (tundu la mashine linaloshika katriji) inasimama na kuandika kosa 2008. Mabaki ya ugali nayo hufanya vivyo hivyo. Katriji hairudiwi, na hata baada ya bei kushushwa mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97, si kitu cha kuchezea.

Mililita 2 za mchanganyiko zinaingia, katriji nne kwenye moduli nne, majibu chini ya dakika 80.

Saa 6 na kitu umeme unakatika. Betri inabeba kwa muda, kisha inaanza kulia. Ikizima katikati, mashine haiendelei ilipoishia: katriji nne chini, unaanza upya na makohozi yaliyobaki. Kama yamebaki.

Chakula cha mchana kimepoa zamani. Simu ndiyo haipoi. Sasa ni mhudumu wa mgonjwa kutoka kituoni.

"Dada, umeniandikia tresi. Mgonjwa ana TB au hana?"

Swali la haki, linachosha tu likija mara ya tano. Katriji tunayotumia, ya aina ya Ultra, inaona hata vimelea 16 kwa mililita. Hadubini inahitaji 5,000 hadi 10,000. Tresi maana yake imeona alama za kimelea zinazojirudia mara nyingi kwenye vinasaba vyake, lakini jeni ya rpoB, inayoonyesha usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, haikuonekana. Kwa hiyo kuhusu usugu haisemi kitu. Mgonjwa ni mtoto, au anaishi na VVU? Hesabu ana TB. Ni mtu mzima asiye na VVU? Leta makohozi mapya. Aliwahi kutibiwa miaka ya karibuni? Hapo taratibu, huenda ni mabaki ya vimelea vilivyokufa.

"Kwa hiyo ana au hana?"
"Kaka, ana VVU?"
"Ngoja niangalie faili."

Jua limeshazama. Meza inafutwa kwa jiki iliyochanganywa, sehemu moja kwa tisa za maji, halafu spiriti asilimia 70. Moduli ya tatu bado ina dakika 22, na kaka hajarudi kwenye simu.