Sina mtu wa kunitia birikani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikuandaa neno. Neno lilinikuta nimekaa kwenye benchi.

Mnajua nilianguka kutoka kwenye ngazi kazini, huu mwaka wa pili. Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Yanaanzia kiunoni, yanashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni, na usiku ndipo hukaza. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ukishindwa kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa asilimia: ukizidi 30 unapata pensheni ya kila mwezi, usipozidi unalipwa kwa mkupuo, basi. Miezi yangu inaelekea ukingoni, ndiyo maana Jumanne nilikwenda kupimwa.

Daktari akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mbona hapa sioni tatizo, mzee wangu?" Nilikosa la kusema. Fomu ya mwajiri nayo ilikuwa na kasoro, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Nilitoka pale najiona kama tapeli.

Ndipo nikamkumbuka yule mgonjwa wa Yohana 5, aliyelala kando ya birika la Bethzatha, hawezi kwa miaka 38. Nimewahi kumhubiri mtu huyu, tena kwa ukali: anaulizwa "Wataka kuwa mzima?" yeye anatoa visingizio! Mungu anisamehe. "Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani." Kumbe alikuwa anaeleza utaratibu wa pale ulivyo. Maji yakitibuliwa, anayepona ni anayewahi kuingia, na mwenye miguu iliyokufa atawahije? Yesu hakumdai ushahidi. Alikwisha kujua kwamba amekuwa hivyo siku nyingi.

Habari ya Paulo na mwiba wa mwilini ambao hakuondolewa, leo niacheni. Nimeletewa mara nyingi mno, na watu waliolala vizuri.

Wapendwa, tusemezane. Mgonjwa akikosa ibada tunasema imani imepoa. Akija anacheka, tunanong'ona kwamba haumwi, anatafuta hela ya bure. Sasa aje na uso gani? Tunamwekea mikono madhabahuni, tunamwombea kwa sauti kubwa, halafu Jumatatu anapanda daladala peke yake na bahasha yake, anasimama mpaka kituo cha mwisho. Maombi nayataka, msiache. Ila fomu ile ina kurasa, na kuna mama hapa kwetu hajui kusoma. Kuna foleni inayoanza alfajiri. Mtu wa kukaa kwenye foleni hiyo wewe umeegemea ukuta, huyo ndiye "mtu" aliyekosekana Bethzatha miaka yote ile. Wewe unayefungua duka saa nne, asubuhi yako iko wapi?

Mke wangu amekwenda nami mara tano. Safari hii ana zamu kazini. Jana usiku kijana mmoja wa kwaya alinipigia: "Baba, Alhamisi nitakuja saa kumi na moja alfajiri. Faili nitabeba mimi."