Barua Yenye Picha Yangu

Mlinzi alinipigia kutoka getini saa mbili na nusu asubuhi. "Mama, kuna kijana huku anasema anaripoti kazini leo." Nikamjibu kwamba hatuna mtu wa kuripoti wiki hiyo. Akashusha sauti: "Lakini barua anayo, mama. Ina jina lako. Na picha yako ipo."

Ilikuwa Julai 2024, kwenye kiwanda kimoja cha Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ambako ninasimamia rasilimali watu. Nikashuka. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe lenye alama za kukunjwa kwenye begi, viatu amevipiga kiwi juu ya vumbi la safari. Aliponiona akatabasamu kabla sijafungua mdomo. Sura yangu alikuwa ameshaizoea kwenye picha, na kuniona mbele yake kulimhakikishia kwamba amefika. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Nimewahi kuwaachisha watu kazi, nimewahi kuwapigia wazazi simu kuwapa habari za ajali, lakini sikumbuki maneno yaliyonipa tabu kuyatoa kama yale niliyotakiwa kumwambia pale.

Alitoka Singida. Alifika Stendi ya Magufuli usiku, akajikunja kwenye benchi hadi kulipokucha, akaunga daladala mpaka Tazara, kisha akatembea huku akiuliza njia. Nikampandisha ofisini, nikaagiza chai na chapati, na wakati anakunywa nikaisoma barua.

Ilikuwa imeandikwa vizuri. Nembo yetu juu, anwani yetu sahihi, nafasi ya msaidizi wa stoo, mshahara wa laki sita na nusu, tarehe ya kuripoti. Ukurasa wa pili ulimtaka atume shilingi 85,000 za vipimo vya afya, sare na kitambulisho, "zitakazorejeshwa pamoja na mshahara wa kwanza". Chini kabisa majina yangu matatu, saini isiyo yangu, na picha yangu ndogo kwenye kona.

Nilijua mara moja vitu vyangu vimetolewa wapi. Chini ya jina palikuwa na cheo cha "Meneja Msaidizi", na cheo hicho nilikiacha mwaka 2022. Nyaraka zote za ofisi zilikuwa zimeshabadilishwa. Mahali pekee kilipobaki ni kwenye ukurasa wangu katika mtandao wa kitaaluma, ile mitandao ambako unaweka wasifu wako, waajiri wako na watu unaofahamiana nao kikazi. Picha nayo ni ileile ya huko, imekatwa kutoka kwenye mahafali ya mdogo wangu. Pembeni bado linaonekana pindo la joho lake la kijani.

Aliyeandika barua hakudukua kitu. Alifungua ukurasa, akasoma, akanakili. Yote yalikuwa wazi kwa sababu ndivyo ukurasa wa namna ile unavyofanya kazi: unauweka ili uonekane.

Kisha nikamuuliza yule kijana kwa nini aliituma hela bila kuhakiki. Akaweka kikombe mezani. "Nilihakiki, mama. Nilikutafuta mtandaoni. Nikaona upo kweli, na kampuni ni hii hii, na watu wengi wanakufahamu. Ndipo nikatuma."

Hapo ndipo uamuzi wa kufunga akaunti yangu ulipofanyika, ingawa niliifunga siku kadhaa baadaye. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia vijana wanaotafuta ajira: hakikini kwanza, mtafuteni huyo anayejiita afisa. Huyu alifanya hivyo hivyo. Na ukurasa wangu, wenye mamia ya watu walioungana nami na sifa walizoniandikia, ndio uliokuwa mdhamini wa tapeli. Mtu akizungumzia kulinda taarifa zake, mara nyingi anawaza hela zake na siri zake. Mimi sikupoteza hata shilingi. Aliyepoteza ni mtoto wa watu kutoka Singida, kwa kuliamini jina langu.

Tulikwenda wote kituo cha polisi. Aliandika maelezo akapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi, na mimi nikaandika ya kwangu, maana kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mpelelezi alikuwa mtu mzima, mpole. Alituambia hela ilitolewa kwa wakala siku ileile. Ilikuja kubainika baadaye kwamba laini yenyewe ilisajiliwa kwa jina la mama mmoja mkulima ambaye hakuwa na habari nayo kabisa. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) zilianza kuzimwa, na tangu hapo wezi wamejifunza njia: wakala asiye mwaminifu anakwambia kidole hakijasoma, gusa tena, na mguso wa pili unasajili laini nyingine juu ya jina lako. Mpelelezi akatufundisha kubonyeza *106# kuangalia laini zilizo chini ya kitambulisho chetu. Zangu zilikuwa zangu. Mlinzi wetu alipojaribu jioni, akakuta moja asiyoijua, akaenda kuifungisha kesho yake.

Ofisini tulichangishana nauli ya kumrudisha kijana kwao. Aliipokea kwa mikono miwili. Sikuwa na nafasi ya kazi ya kumpa.

Mwisho wa juma nikakaa na kompyuta. Kabla ya kufunga niliomba nakala ya kila kitu mtandao ule ulichokuwa nacho juu yangu. Haki hiyo ipo, na kitufe kipo ndani kabisa ya mipangilio. Zikaja faili nyingi zilizobanwa pamoja. Moja ilikuwa na kila nilichowahi kukitafuta. Nyingine ilikuwa na nyakati nilizoingia na mahali nilipoingilia. Nyingine ya makisio tu: wananidhania nina umri gani, ninaelekea kununua nini.

Iliyonisimamisha ni faili ya namba za simu. Siku nilipopakua programu yao kwenye simu, iliomba ruhusa ya kusoma orodha yangu ya majina "ili kukutafutia unaowafahamu". Orodha ile ilikuwa imehama yote. Mama Maziwa. Fundi Bomba Tabata. Daktari wa Bibi. Shemeji Mwanza. Marehemu baba yangu, na namba yake niliyoshindwa kuifuta. Hawa hawajawahi kujiunga na mtandao wowote wa kitaaluma, wengine hawana hata simu janja, na hakuna aliyeulizwa. Hili si jambo la nadharia. Aprili 2021 taarifa za watu milioni 533 wa Facebook, pamoja na namba zao za simu, ziliwekwa hadharani, na kilichotumiwa kuzikomba ni kifaa hichohicho cha kutafuta marafiki kwa orodha ya simu. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ireland iliitoza Meta, kampuni inayomiliki Facebook, faini ya euro milioni 265.

Kwa hiyo nilianza na hao. Nikafuta orodha nzima ya namba kwenye akaunti, nikaipokonya programu ruhusa kwenye simu, nikaiondoa. Nikatazama tovuti nyingine ambazo nilizoea kuingilia kwa akaunti hiyo, nikazitenganisha moja moja, nikazipa nywila zake. Nikatoa picha. Nikazima ukurasa usionekane na wasiojiunga. Nikaripoti ukurasa mwingine uliokuwa umefunguliwa kwa jina langu na picha ileile ya joho, kwa sababu ukishajifunga nje ni vigumu zaidi kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenyewe.

Kitu kimoja nilikihifadhi kwa makini: maneno ambayo bosi wangu wa kwanza aliniandikia, mistari minne tu. Amefariki. Niliyachapisha kwenye karatasi.

Kufunga kwenyewe ni suala la dakika. Unachagua sababu, unaweka nywila, unabonyeza. Kabla hujafika hapo wanakuonyesha sura za watu unaofahamiana nao na kukwambia utawapoteza. Nikabonyeza. Wanakupa siku 14 za kubadili mawazo, na jina linaendelea kuonekana kwa muda kwenye Google. Nikatuma maombi ya kuondoa matokeo yaliyopitwa na wakati, likapungua polepole.

Rafiki yangu wa taaluma hii alinishangaa. "Dada, utapataje kazi nyingine? Waajiri wanatutafutia kule." Ana hoja, na simlaumu anayebaki. Mwenye biashara yake, au kijana anayeanza, ule ukurasa unamsaidia. Lakini mtu wa rasilimali watu yuko mahali tofauti: jina lake ni mlango wa ajira za wengine, na wenye njaa ya kazi ni wengi mno katika nchi hii kwa jina hilo kuachwa wazi limezagaa.

Jambo lile lilinifanya niligeukie kabati la ofisini. Tulikuwa na bahasha za waombaji wa kazi za miaka na miaka: nakala za vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, namba za simu za wadhamini. Niliwahi kununua karanga pale Tazara zimefungwa kwa ukurasa wa wasifu wa mtu, jina na simu yake vinasomeka vizuri kupitia chumvi. Nikamuuliza dada wa usafi bahasha kuukuu huwa zinakwenda wapi. "Anachukua yule mzee wa karatasi, mama."

Nikapeleka suala kwa mkurugenzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilikuwa imezinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili ya mwaka uleule wa 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, azitunze salama, na asizikalie kupita haja. Mkurugenzi alianza kwa kuuliza gharama. Nikamwekea mezani ile barua ya ajira. Ikanunuliwa mashine ya kukata karatasi, na bahasha za waliokosa nafasi sasa zinakatwa baada ya muda tunaowatajia tangu mwanzo. Pia tuliandika kwenye kila tangazo la kazi kwamba hatupokei malipo yoyote, pamoja na namba ya mezani.

Septemba namba hiyo ililia. Ni mwanamke kutoka Tabora, sauti ya kijana, anaomba kuzungumza na meneja msaidizi kwa majina yangu matatu. Nikamwambia ndiye mimi, ila cheo hicho sinacho. Alikuwa na barua ya kazi mkononi, picha yangu kwenye kona, na alitakiwa kutuma hela kabla ya saa kumi.

"Nimekutafuta mtandaoni, mama, sikukuona," akasema. "Ndiyo nikaona nipige kwanza kwenu."

Nikamwambia asitume hata senti moja, anipigie picha kurasa zote mbili za ile barua pamoja na namba aliyopewa. Zilifika baada ya dakika chache. Nikazichapisha na kuzipeleka kwa mpelelezi mchana uleule, zikaingia kwenye jalada la kijana wa Singida.