Mnara wa Kwanza Juu ya Kisorya

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini mawingu yametuna juu ilhali chini yamenyooka sawasawa. Nilimjibu kwamba hewa iliyopashwa joto na ardhi hupanda, na katika kila kilomita hupoa kwa takribani nyuzi 10 za Selsiasi, hadi ifike kimo ambacho mvuke wake huanza kugeuka matone. Kimo hicho hakitofautiani sana katika eneo moja, ndiyo maana vitako vya mawingu hulingana. Aliridhika, akaenda zake. Mimi fikra zilikuwa zimekwisha kunirudisha Rugezi, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, alasiri ya mwezi Machi, kando ya babu aliyekuwa akiziba matundu ya wavu wa dagaa.

Ng'ambo, juu ya Kisorya upande wa bara, wingu moja lilikuwa likikua. Upepo wa ziwani ulivuma kuelekea bara, ukiingiza hewa yenye unyevu chini yake, nalo likafumuka kama bisi, kwa kuwa mvuke unapogeuka matone hutoa joto uliloficha tangu ulipotoka majini, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Lakini mnara ule haukufika mbali. Hewa kavu ya juu ikaula kingo, kilele kikachakaa, nami nikadhani umekwisha. Babu akaweka wavu chini.

"Ngoja, mjukuu wangu. Huo umelowesha njia tu."

Mahali palepale ukapanda mwingine, mweupe zaidi, ukapenya katika unyevu ulioachwa na mwenzake, ukaendelea bila kusita hadi kilele chake kikapoteza mikunjo, kikawa laini chenye nyuzinyuzi za barafu, kisha kikatandaa pande zote chini ya dari ya anga ambayo mawingu hushindwa kuipita, na ambayo katika ukanda wetu wa ikweta huwa karibu kilomita 16 juu ya bahari.

Jioni babu aliagiza mtumbwi uvutwe nchi kavu, ingawa juu yetu anga lilikuwa safi. Usiku upepo uligeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana ziwani, na kabla ya alfajiri radi zilikuwa zikipiga huko.

Nikimwona mtu ambaye juhudi zake zimeishia hewani, hutamani kumwambia maneno yale ya babu, lakini husita, kwani nimekwisha kuona siku nyingi ambazo minara hupanda na kunyauka, usifuate mwingine. Babu hakuwahi kuniambia alijuaje kwamba siku ile wa pili ungepanda.